Nyekundu kwa Nyekundu

Kabla udongo wa kaburi la mumewe haujakauka, shemeji yake alimfungia Mama Spika nje ya karakana. Kwa karatasi, karakana ilikuwa ya ndugu wawili. Lakini zile spika zilizowapa jina zilichorwa na Mama Spika mwenyewe, na ni yeye aliyekata mbao na kuunga waya. Kazi ya shemeji ilikuwa kuuza maneno. Sasa alikuwa akiwaambia wateja kwamba yule mjane alisaidia kupaka gundi tu.

Mama Spika hakugombana na mtu. Mwenye kovu usidhani kapoa. Alitaka karakana irudi mikononi mwake, na irudishwe kwa mdomo ule ule ulioinyakua.

Siku alipokwenda kuchukua patasi zake, alimkuta shemeji amefungua mgongo wa jozi ya mwisho ya spika aliyoitengeneza mjane. Krosova ilikuwa wazi mezani, ule ubao unaogawa muziki, sauti nzito ziende kwenye spika kubwa na nyembamba ziende kwenye twita, ile spika ndogo.

"Shemeji, hapa ulisinzia," alisema, akicheka. "Twita umeziunga kinyume, nyekundu kwenye nyeusi! Hata mtoto anajua nyekundu kwa nyekundu. Nimekurekebishia."

Mama Spika hakuwa amesinzia. Krosova ya aina ile huigeuza sauti inapoigawa, hivyo fundi hugeuza waya za twita kusudi, ili spika zote mbili zisukume pamoja. Ukiziunga nyekundu kwa nyekundu, pale zinapokutana moja husukuma na nyingine huvuta, na sauti ya katikati hufa. Katikati ndipo anapokaa mwimbaji.

Neno lilimfika kwenye ncha ya ulimi. Akalimeza.

"Asante, shemeji," alisema. "Mungu akuzidishie."

Jozi ile ilipelekwa Jumamosi mchana kwa mwalimu wa kwaya, mtu ambaye wapenda muziki wa mji mzima walinunua alichokisifu na kukimbia alichokiponda. Alikuwa rafiki wa marehemu, kwa hiyo Mama Spika alijialika. Akakaa karibu na dirisha, kati ya wageni waliokuja kusikiliza, mkoba mapajani. Shemeji alipomwona, alitabasamu kama mwenye nyumba.

"Karibu usikie kazi yangu."

"Nimekuja kuisikia."

Mwalimu aliweka wimbo wa mwanamke mmoja na kinanda. Kinanda kilisikika, besi ikasikika. Mwalimu akainamisha kichwa.

"Kijana, mwimbaji kaenda wapi?"

"Amplifaya hii ndogo, mwalimu. Haina nguvu."

Amplifaya ile ndogo ndiyo aliyoichagua Mama Spika kwa ajili ya twita, kwa sababu ilikuwa tulivu na twita hazihitaji mabavu. Shemeji aliichomoa, akaleta kutoka kwenye gari amplifaya nyingine, dude la chuma lililomtoa jasho ngazi nzima. Akaongeza sauti. Twita zikakwaruza kama uma kwenye sahani. Mwimbaji bado alikuwa kama yuko chooni, mlango umefungwa. Akaongeza tena.

"Punguza, utatuua!" mgeni mmoja alipiga kelele. Mwingine akauliza kama mwimbaji alilipwa nusu. Watu wakaangua kicheko.

Mama Spika alikitafuna kicheko kile polepole, kama nyama.

Shemeji alimsogelea, akainama. "Shemeji, kuna nini humo? Nisaidie, naaibika."

"Nani kazitengeneza?"

"Wewe," alinong'ona.

"Amplifaya mbili zote hizi na husikiki? Paza sauti."

"Amezitengeneza yeye," alisema shemeji kwa sauti. "Zote. Tangu mwanzo."

"Na karakana?"

"Hayo ni ya nyumbani, shemeji, tutayaongea..."

"Uliponifungia nje, tuliongea nyumbani?"

Alitazama mlango, kisha mwalimu, kisha zile spika ambazo hakuna mtu angezinunua tena kwake. "Ni yako."

"Nimesikia," alisema mwalimu. "Jumatatu nitakuja mwenyewe kushuhudia ukimkabidhi."

Ndipo Mama Spika alipoinuka. Alizima mitambo, akarudisha amplifaya ndogo, akafungua migongo na kugeuza tena waya za twita, nyekundu kwenye nyeusi. Mwalimu alipoanzisha wimbo upya, yule mwanamke wa kwenye wimbo aliingia sebuleni, akasimama kati ya spika mbili akiimba, hadi pumzi yake ikasikika.

Kesho mama mkwe angepiga simu kulia kwamba mwanawe amevuliwa nguo mbele za watu. Apige.

Shemeji alikumbatia dude lake la chuma, akatazama huku na huku apate wa kumshikia upande wa pili. Wageni walikuwa wamefumba macho wakisikiliza. Mama Spika alimfungulia mlango.

"Pole na mzigo, shemeji," alisema. "Angalia ngazi."

Akaufunga kabla shemeji hajafika ngazi ya kwanza, maana vishindo vyake vilikuwa vikiifunika sauti ya mwimbaji.