Kesi ya Safari ya Same

Wapare tunataniwa nchi nzima kwamba tuko tayari kuuza ng'ombe ili tushinde kesi ya mbuzi. Siwezi kuwatetea wenzangu, maana mimi nimekulia katika nyumba iliyoshtaki hata sikukuu. Kila mwaka tukisharudi kutoka Same, Jumapili inayofuata baada ya ibada, tuliketi uani kwetu Mhezi na kuifungulia kesi safari tuliyotoka kuifanya.

Safari zenyewe zilianza mwaka 1966, nikiwa na miaka saba. Baba yangu, Tomaso, alikuwa mkata mkonge katika shamba moja upande wa Korogwe. Likizo yake ilikuwa wiki mbili za Julai. Nje ya hapo tulimpata kwa kudonoadonoa, usiku mmoja wa Pasaka, usiku mmoja wa Krismasi, anafika tumelala na anaondoka hatujaamka. Kwa hiyo Julai ilikuwa ndiyo baba. Na Julai hiyo alituchukua sote, mimi, mdogo wangu Lukia, mama, na baadaye bibi mzaa baba, tukashuka mlima kwa miguu hadi barabara kuu, tukapanda basi mpaka Same kwenye sherehe za Sabasaba. Tulilala siku mbili kwa Mama Mwanakheri, mjane mwenye nyumba karibu na stesheni, ambaye marehemu mumewe alikata mkonge pamoja na baba.

Uwanjani kulikuwa na ngoma, gwaride, hotuba ndefu za wakubwa, na meza za mazao ambako mihogo ya watu wa tambarare ililazwa kama maiti ili sisi wa mlimani tuione. Lakini kilichotupeleka sisi watoto ni bembea ya Mzee Swalehe. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa Hedaru, na kila Sabasaba alileta kwa lori chombo chake cha mbao chenye viti vinane, kilichosukumwa na wanaume wanne kikazunguka mpaka kofia ziruke.

Kesi ya kwanza aliifungua Lukia, akiwa na miaka mitano, tuliporudi safari ya pili. Alilia kwamba basi lilimlisha vumbi na hataki tena kwenda Same. Mama angeweza kumnyamazisha kwa kofi. Badala yake alichukua mwiko, akakaa kwenye kigoda, akasema mahakama imekaa, mshtaki aeleze. Bibi akajiteua mzee wa baraza papo hapo na hakuachia cheo hicho mpaka alipofariki. Hukumu ikatoka kwamba mwaka unaofuata tupande treni kutoka Makanya, na tukapanda.

Basi ikawa desturi. Kila mtu alikuwa na haki ya kuishtaki safari, na hukumu ya mama ilitufunga sote, yeye mwenyewe na baba wakiwamo. Bibi alishtaki kwamba tunabeba makande kutoka nyumbani kana kwamba Same hawapiki, tukaamriwa kula pilau ya Mama Mwanakheri. Mwaka mwingine mama alitushtaki sisi kwa kukimbilia bembea kabla hata ya kusalimia watu, tukaamriwa tuzunguke uwanja mzima kwanza, kila mtu amchagulie mwenzake kitu kimoja cha kutazama. Mimi nilimchagulia Lukia mzee mmoja wa Kimasai aliyekuwa akibishana na ofisa wa mifugo, na tulisimama pale saa nzima. Nakiri kwamba bila kesi zile safari ingetuchosha mapema. Kila Julai kulikuwa na kifungu kipya cha sheria cha kutekeleza.

Mwaka 1972 nilikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, darasa la saba, mdomo mrefu kuliko miguu, ingawa miguu nayo ilikuwa mirefu. Kwenye bembea magoti yangu yaligonga ubao wa mbele, na wasichana wawili wa Same walinicheka. Ndani ya nafsi yangu niliona aibu tupu. Lakini mtu wa kwetu hasemi ameona aibu wakati anaweza kusema ana hoja.

Jumapili ile nilisimama uani nikaishtaki safari yenyewe. Nilisema tumekwenda mara saba. Nilisema ngoma ni zilezile, hotuba ni ileile, mihogo ni ileile, na Mzee Swalehe hajapaka hata rangi. Nilimwita Lukia kuwa shahidi, nikiwa nimemfundisha majibu tangu Ijumaa, naye akakubali kwamba hakuona jambo hata moja jipya. Nikaomba safari ifutwe.

Bibi aliacha kutafuna. Mama akamgeukia baba, ambaye kila mwaka ndiye aliyeitetea safari, tena kwa madaha, akitembea uani mikono nyuma kama wakili wa Moshi.

"Baba Rogathe," akamwita kwa jina langu, "unajibu nini?"

Baba alikuwa akiutazama mkono wake, ule wenye makovu ya miiba ya mkonge. "Sina la kujibu," akasema. "Mtoto ameeleza vizuri."

Katika nyumba ya Wapare, mshtakiwa kukosa la kujibu ni jambo la kutisha kuliko matusi. Mama alisubiri. Kisha, kwa kuwa sheria ni sheria, akagonga mwiko kwenye kigoda na kunipa ushindi. Nilikwenda kulala nikijiona mtu mkubwa.

Julai ya 1973 baba alikuja na sanduku lake la bati, akatupa kanga na sabuni, akakaa. Hapo ndipo tulipogundua kwamba hatukuwa na kazi naye. Miaka yote hiyo siku mbili za kwanza zilikuwa za kujiandaa, mbili za njiani, mbili za Same, na zilizobaki zilikuwa za kesi na kusimulia. Sasa alikuwa na wiki mbili tupu ndani ya nyumba yake mwenyewe, na hakujua jembe linawekwa wapi. Alimuuliza Lukia. Alipotaka chumvi aliniomba kwa upole, "Samahani mama, chumvi iko wapi?" kama mtu aliyepewa hifadhi ya usiku mmoja. Pembe ya msaragambo, kazi yetu ya pamoja, ilipopigwa kuita kijiji kikachimbe barabara, alikuwa wa kwanza kufika, siku tatu mfululizo, hata zamu isiyokuwa yake. Watu walimsifu kwa kujitolea. Mimi nilijua anakimbia nyumba.

Tulikaa naye mezani na hatukuwa na la kumwambia. Mtu huyuhuyu ambaye Same alikuwa hanyamazi, akitueleza kila behewa linakwenda wapi na kila mtu uwanjani ni kabila gani, sasa aliuliza habari za shule, nikasema nzuri, akasema vizuri.

Tarehe saba yenyewe ilikuwa Jumamosi. Asubuhi alivaa shati lake jeupe la safari, akafunga vifungo vyote. Akasimama mlangoni. Baadaye akalivua, akalikunja, akaenda kukata majani ya mbuzi. Nilikuwa jikoni nikayaona yote, na moshi haukuwa na kosa lolote katika machozi niliyoyatoa. Nilikuwa nimemnyang'anya baba yangu njia pekee aliyokuwa nayo ya kuwa baba, na nilifanya hivyo kwa hoja nzuri.

Jumapili tukitoka kanisani nilimwambia mama nataka kukata rufaa.

"Aliyeshinda hakati rufaa," mama akasema.

"Nina ushahidi mpya."

Mama akaenda kuuchukua mwiko. Tuliketi uani mchana ule kama tulivyozoea, bibi kwenye mkeka, Lukia kwenye kinu kilichopinduliwa. Baba alikaa pembeni, akasema yeye hana kesi na mtu, mahakama iendelee bila yeye.

"Shahidi wangu ni baba," nikasema.

Akaja polepole, akifuta mikono kwenye suruali. Nilikuwa nimejiandaa kumuuliza maswali kumi. Nilipomwona amesimama mbele yangu, kofia mkononi, yote yakanitoka kichwani isipokuwa moja.

"Baba, wewe bembea ulipanda mara ngapi?"

"Sijawahi."

Lukia alicheka akidhani ni utani. Lakini bibi akasema ni kweli, nami nikakumbuka. Kila mwaka sisi tulipanda, hata bibi alipanda akipiga mayowe, na baba alisimama chini akiwa ameshika viatu vyetu na kikapu.

"Hukupanda, hotuba ulizisikia mara saba, na mihogo ni ileile," nikasema. "Sasa ulikuwa unafuata nini kule?"

Alimtazama mama, mama akaashiria kwa mwiko kwamba shahidi lazima aseme.

"Mkiwa kwenye kile kitu mnazunguka," akasema, "mnapita mbele yangu, mnanipungia mkono. Mnapotea, halafu mnakuja tena. Mimi mwaka mzima nawajua mkiwa mmelala. Nafika usiku nawafunua blanketi, nawaangalia, naondoka. Pale nilikuwa nawaona nyuso, tena mara nyingi, mpaka nazishika." Akaigeuza kofia mkononi. "Mwaka jana ulisema tunakwenda kuona vilevile. Ndiyo maana sikujibu, Rogathe. Niliona labda kwenu ni hivyo. Mimi mwaka mmoja nilikwenda na Lukia asiye na meno. Mwaka mwingine nikaenda na wewe umejifunza kusoma, ukawa unasoma kila kibao njia nzima. Mwaka jana nikaenda na msichana ambaye magoti yake hayaingii kwenye kiti. Mimi sijawahi kwenda Same na watoto walewale mara mbili."

Bibi, mzee wa baraza asiyekosa neno, aliinamisha kichwa akachezea ncha ya mkeka. Nilitakiwa kuendelea na hoja zangu, lakini sikuwa nazo tena, wala sikuzihitaji.

"Asante, baba," nikasema.

Sijui kama nilikuwa nimewahi kumwambia neno hilo kwa dhati kabla ya siku ile. La sabuni na kanga nilisema, kwa kuwa tulifundishwa. Hili lilitoka kwingine. Nilimshukuru kwa miaka saba ya kushika viatu, na nikamwambia hivyo kwa maneno hayohayo, huku nalia bila kujificha mbele ya mahakama. Baba alikubali kwa kichwa mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Mama aligonga mwiko. Hukumu ya mwanzo ikatenguliwa.

"Lakini Sabasaba imeshapita," Lukia akasema. "Swalehe atakuwa ameshaipakia bembea yake kwenye lori."

"Mahakama haijasema bembea," mama akajibu. "Imesema Same."

Jumatatu tukashuka. Kiwanja kilikuwa kitupu, kimebaki mashimo ya nguzo, karatasi, na mbuzi wanne wakila mabaki. Hakukuwa na ngoma wala mihogo. Mama Mwanakheri alishangaa kutuona, akatuuliza kama hatukusikia kwamba sherehe zimekwisha. Baba akamwambia, "Shemeji, tulichelewa na kesi," naye akacheka na kuinjika pilau.

Alasiri baba alitupeleka stesheni, kwa kuwa hakukuwa na kwingine kwa kwenda. Tulikaa kwenye benchi tukisubiri treni ambayo hatukuwa na nia ya kuipanda. Alianza kusimulia, kwanza taratibu, kisha kama zamani, juu ya mabehewa, juu ya rafiki yake Kurwa wa Tabora anayeimba akikata mkonge, juu ya nyoka aliyelala ndani ya kiatu chake. Mimi sikuitazama treni ilipoingia. Nilimtazama yeye. Kulikuwa na mvi mbili juu ya sikio lake la kushoto ambazo mwaka uliopita hazikuwapo, au zilikuwapo na mimi nilikuwa natazama mihogo. Nilizihesabu tena kuhakikisha, na nikaanza kujifunza uso wake.