Vumbi la Saa Sita

Jambo la kwanza aliloliona msafishaji lilikuwa dogo: herufi tatu kwenye kioo cha seva, kompyuta kuu ya ofisi, mkiani mwa tarakimu za saa. Kila asubuhi fundi alikuja na kikombe chake cha chai, akaandika saa sahihi, tarakimu zikabadilika. Herufi zile hazikubadilika. Msafishaji aliacha shule darasa la nne, lakini herufi alizijua.

Ilipofika saa sita mchana, naye ameshamaliza ghorofa zote mbili, seva iliziuliza seva nyingine ni saa ngapi, ikajibiwa, ikarudi nyuma saa tatu. Ofisi nzima ilirudi nayo. Chai ilipanda tena vikombeni, ya moto. Mhasibu alirudia kichekesho cha mama mkwe wake, na wenzake wakacheka vilevile. Barua zilizokwisha kuandikwa zilibaki zimeandikwa, kwa hiyo makarani walisaini daftari, wakachukua mikoba, wakaenda zao. Kilichorudi ni vumbi. Lilirudi korido kwa korido, pamoja na alama za viatu mahali palepale, na msafishaji akajaza ndoo upya.

Nje jua halikurudi. Msafishaji hakuwa na daftari; aliwekewa mashine ya kidole iliyofuata saa ya seva. Ilipomruhusu kutoka saa tisa, barabarani ilikuwa saa kumi na mbili jioni. Wodini wageni walitolewa saa kumi na moja. Mama yake alikuwa amelazwa wiki ya tatu bila kumwona.

Siku moja alinyoosha kitambaa chake kuelekea zile herufi.

"Kumbe umeziona," fundi alisema. "Huo ndio ukanda wa saa, dada. Saa naibadilisha, lakini seva bado inadhani iko ng'ambo. Nikiandika mstari mmoja tu, inatulia."

"Na huandiki?"

"Bosi kanikataza. Anasema tangu tuifunge hii seva, sakafu zinang'aa mpaka anajiona. Zinapigwa deki mara mbili kwa siku, nani atalalamika?" Akapuliza chai. "Labda wewe."

Msafishaji alicheka kidogo, kwa adabu, akakamua kitambaa.

Jioni hiyo mlinzi wa hospitali alikuwa ameshatia komeo.

"Binti, wewe na geti hili mtaoana," alisema. "Mama yako alimtuma muuguzi aniulize kama umefika. Tangu saa tisa kachana nywele, kakaa kitako anangoja. Kesho alfajiri wanamhamishia hospitali ya mbali."

"Anasemaje?"

"Anasema una mambo yako. Hakulaumu."

Alitaka kumweleza habari za seva na ukanda, ila hakujua aanzie wapi. Akauzunguka ukuta mpaka chini ya dirisha la ghorofa ya tatu, la mwisho kushoto. Taa ilikuwa ikiwaka, kisha ikazimwa. Kesho saa sita vumbi lingerudi, naye angelifagia. Hilo halikumsumbua sana.

"Mama," alisema, kwa sauti ambayo isingefika hata ghorofa ya kwanza, "sikuchelewa. Kazi nilimaliza saa sita. Kila siku nilimaliza saa sita."