Chai ya Kitanda cha Dirishani

Fundi cherehani alipowaambia watu wa nyumbani kwake kwamba amepata nafasi katika chuo cha uuguzi, mumewe, kinyozi mwenye maneno mengi kuliko wateja, alibaki ameshika kipande cha mkate hewani.

“Chuo cha nini?” akauliza mwishowe.

“Uuguzi.”

“Unakwenda kuwashonea mapazia?”

“Nakwenda kusoma, baba watoto.”

Alikuwa na miaka arobaini na saba. Miaka mingi alishona sare za wauguzi katika chumba chao cha mbele, mlango ukitazama barabara. Kila sare ilipotoka mikononi mwake ilikwenda kwenye kazi aliyoitamani tangu utotoni, na yeye akabaki na vipande vya kitambaa. Aliacha shule alipopata mtoto wa kwanza. Siku za karibuni alikuwa akihudhuria masomo ya jioni kumalizia shule, na nyumbani walijua, lakini walidhani anapoteza muda tu, kama wengine wanavyocheza karata.

Mtoto huyo wa kwanza, msichana, sasa alikuwa muuguzi katika wodi ya upasuaji ya wanawake. Yeye hakucheka. Aliuliza jambo moja tu.

“Mama, kazi ile ni ya kusimama kutwa. Na magoti yako je?”

“Hayaendi peke yake. Nitayasindikiza.”

Siku ya kwanza alipoingia darasani wanafunzi wote walisimama wakidhani ni mkufunzi. Akaenda kuketi benchi la nyuma, nao wakaketi kwa soni. Wiki haikwisha wakawa wanamwita Shangazi. Walimletea vifungo vilivyong’oka na habari za wachumba wasioeleweka. Yeye aliwapelekea majina ya dawa, maana yaligongana mdomoni mwake kama kokoto. Mtihani wa kwanza alianguka. Wa pili alipita kwa tundu la sindano. Mumewe alimnunulia miwani, akamwambia, “Maji umeshayavulia nguo, yaoge basi.”

Mwaka wa pili wanafunzi waligawanywa wodini kwa mazoezi, na yeye akaangukia wodi ya binti yake. Mkufunzi alijaribu kumbadilisha, lakini kwingine kote kulikuwa kumejaa. Binti akaweka masharti mapema, wakiwa bado jikoni.

“Wodini mimi ni Sista, wewe ni mwanafunzi. Nikikutuma, unakwenda.”

“Na kuamkiana je? Nani amwamkie nani?”

“Nitakuamkia hapa hapa nyumbani, yaishe.”

Ikawa hivyo. Mwanzoni wauguzi wengine walikuwa wakiwatazama kwa kuibia wapate cha kuhadithia, lakini hapakuwa na kioja. Binti aliagiza, mama akatandika vitanda, akapima homa, akaosha mabeseni. Njia ya kurudi walitembea pamoja wakizungumzia bei ya viazi.

Sasa, kulikuwa na bibi mmoja katika kitanda cha dirishani, akingoja kupasuliwa ngiri. Hakutakiwa kutia kitu mdomoni. Kibao juu ya kitanda kilisema hivyo, na binti aliyarudia maneno hayo mbele ya wanafunzi wote asubuhi wakati wa kupokezana zamu. Fundi alisikia vizuri. Lakini mgonjwa wa dharura aliingizwa mbele, bibi akasogezwa nyuma, jua likapanda, na wodi nzima ikawa inakunywa chai isipokuwa yeye.

“Mwanangu,” bibi akamwita, “mdomo umekauka kama gunzi.”

“Vumilia kidogo, mama. Zamu yako inakuja.”

“Nimevumilia tangu jana. Hawa watoto hawajui uchungu wa mtu. Wewe ni mtu mzima mwenzangu. Nisitiri.”

Neno hilo la mtu mzima lilimwingia. Tangu aanze masomo hakuna aliyelitamka kama sifa. Akatazama huku na huku, akavuta pazia, akammiminia nusu kikombe kutoka kwenye chupa ya mgonjwa wa jirani. Bibi akanywa kwa mafunda madogo madogo, akambariki yeye na kizazi chake.

Alikuwa katika chumba cha mabeseni pale aliposikia magurudumu ya toroli. Alipotoka, kitanda cha dirishani kilikuwa kitupu.

Akamsikia mkufunzi kana kwamba yuko pembeni yake: mtu akilazwa kwa nusu kaputi, koo nalo hulala, na kilichomo tumboni kinaweza kupanda kikaingia mapafuni. Mgonjwa akafa mezani. Swali hilo lilikuja kwenye mtihani. Alilipata lote.

Akakimbia. Magoti yalilia, ndala zikapiga sakafu, watu wakajibanza ukutani. Aliwakuta mlangoni mwa chumba cha upasuaji, binti akimkabidhi mgonjwa kwa daktari wa usingizi.

“Msimwingize! Amekunywa chai!”

Bibi pale juu ya toroli akafumba macho, ungedhani keshachomwa sindano.

“Nani amempa?” binti akauliza.

“Mimi.”

Binti alimtazama, mara moja tu. “Kiasi gani? Lini? Ina maziwa?”

“Nusu kikombe. Si muda mrefu. Ina maziwa.”

Daktari alishusha barakoa yake, akapumua. “Mrudisheni wodini. Tutamfanyia kesho.”

Binti aliandika taarifa kabla zamu haijaisha, naye hakuongeza wala kupunguza. Fundi akaitwa ofisini kwa mkufunzi mkuu. Hakupigiwa kelele, na afadhali angepigiwa. Akaambiwa mazoezi yake yamefutwa, atayarudia yote pamoja na darasa la nyuma, na wenzake watasonga mbele bila yeye.

Siku hiyo kila mmoja alirudi nyumbani na njia yake. Kinyozi akajikuta katikati kama kuni kati ya mafiga. “Nilioa fundi,” alisema, “nikajikuta naishi na mwanafunzi, na bosi wake nimemzaa mwenyewe. Kesi hii sijui niisikilize kutoka upande gani.” Hakuna aliyecheka.

Kesho yake mchana fundi aliifunua cherehani yake, akaanza kuitia mafuta. Binti aliporudi kutoka kazini alimkuta ameinama hapo. Akavua viatu, akaketi juu ya kigoda.

“Unaacha?”

“Aliniita mtu mzima mwenzake. Nikaona haya kumnyima. Nilimwonea huruma.”

“Hata mimi nilimwonea. Alinililia tangu alfajiri. Si wewe uliyekuwa ukiniambia, mchelea mwana kulia hulia yeye?”

“Hayo nilikuwa nayasema nikikupeleka kuchomwa sindano.”

“Na mikono ukinishika kwelikweli.”

Fundi alifuta mafuta vidoleni. “Ungeniambia kwanza, kabla ya kuandika.”

“Ningekuambia, ungenitazama. Ukinitazama, nisingeandika.”

Fundi alitaka kukasirika, akakuta hasira haipo. Kilichobaki ni aibu, na hiyo hakuletewa na binti yake. Akakifunga kichupa cha mafuta.

“Bibi hajambo lakini?”

“Amepasuliwa leo. Yuko salama.”

Siku iliyofuata alivaa nguo zake za kawaida, akaenda wodini saa ya kutazama wagonjwa. Bibi alikuwa ameegemea mito, kijana wake amekaa pembeni amenuna.

“Nimekuja kukuomba radhi, mama. Ningeweza kukuua.”

“Umenichelewesha siku nzima, na huyu ameacha kazi zake kunisubiri,” bibi akasema kwa ukali. Kisha akapunguza sauti. “Kukuomba nilikuomba mimi. Ila wewe ndiye uliyejua.”

“Ndiyo, mama. Mimi ndiye niliyejua.”

Hakuiuza cherehani, lakini aliifunika tena. Akarudi chuoni, akaingia darasa la nyuma, ambalo wanafunzi wake walikuwa wadogo zaidi, nao wakamwita Shangazi bila kuambiwa na mtu. Mazoezi aliyarudia katika wodi nyingine, chini ya sista asiyemjua. Wagonjwa walimlilia kama wanavyowalilia wauguzi wote. Wengine aliwapa walichotaka. Wengine aliwanyima, wakamnunia, naye akaendelea kuwatandikia vitanda. Mtihani wa mwisho alifaulu, si kwa kishindo, lakini alifaulu.

Walimpangia kazi kwenye kituo cha afya nje ya mji, upande wa watoto. Asubuhi moja mwanamke aliyebeba mtoto mwenye homa alimwona na miwani yake na mvi zake, akawapita vijana wote waliokuwa mapokezi, akaja kuinama mbele yake.

“Shikamoo, Sista Mkuu. Nisaidie.”

“Marahaba, mwanangu,” fundi akajibu, huku mkono wake umeshatangulia kwenye paji la uso wa mtoto. “Sista Mkuu ni yule pale, yule mwembamba. Mimi nimeanza kazi Jumatatu. Keti hapa, nimpime.”