Aliyemsemea Stelingi

Kitanda kilikuwa kimeshikiliwa mpaka saa kumi na moja jioni. Muuguzi alimwambia binti neno hilo mara mbili, ya pili akiwa amemshika mkono, ili asije akasema hakusikia: fomu iwe imesainiwa na mgonjwa awe juu ya godoro kabla ya saa kumi na moja, la sivyo anaitwa anayefuata kwenye orodha. Daktari bingwa wa koo alikuja hospitali ile kila baada ya miezi minne, akikaa siku mbili tu. Na koo la baba yake halikuwa na miezi minne ya kusubiri. Hilo nalo aliambiwa, na hakuna aliyempaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Sasa ilikuwa saa nane na robo mchana, na mgonjwa mwenyewe yuko wapi? Yuko kwenye banda la video, amekaa kwenye kiti chake kirefu nyuma ya mabenchi, maikrofoni mkononi, shali shingoni kuficha uvimbe, anawatafsiria watu sinema! Sikio la kufa halisikii dawa, walisema waliotutangulia, nao hawakuwa wamemwona mzee huyu.

Watu walimwita Kipaza. Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kushusha sauti ya sinema za kigeni na kuzisema yeye: wazee, wasichana, majambazi, hata farasi. Lugha ya wenye sinema hakuijua hata neno la salamu. Aliangalia nyuso, akaangalia nani kamkunjia nani ndita, kisha akatunga. Hakuna aliyemwita mwongo, kwa sababu hakuna aliyejua zaidi yake, na kwa sababu alitunga vizuri kuliko wengine walivyojua kusema kweli.

Sinema ya mchana huo ilikuwa ile ya zamani, yenye mikwaruzo kama ukuta wa darasa, iliyompa jina. Stelingi wake, yaani shujaa wa sinema, ni fundi mapipa. Mikono na miguu yake inajua kuua, lakini hataki kupigana. Majambazi wanamwaga maji yake, anainama. Wanamchapa kofi mbele ya wateja, anainama. Wanachoma karakana, anaokota misumari kwenye majivu. Banda zima linateseka naye saa nzima na zaidi, watu wanapiga mabenchi wakilia, "Mpige! Mpige huyo!" Mpaka kaka yake, aliyekwisha kuvunjwa mbavu kwa ajili yake, anamshika kola na kumuuliza kitu. Stelingi anapiga magoti. Anafungua mdomo kidogo tu. Hapo ndipo Kipaza alipopatia umaarufu.

"Kaka," angesema, kwa sauti ya kutoka tumboni, "nilimwapia mama siku ya mwisho wake. Aliishika mikono hii akasema, mwanangu, isimwage damu. Kaka, unaweza kunivunja mimi, lakini kiapo cha mama utakivunjaje?" Na kuendelea, na kuendelea, dakika nzima, wakati mdomo wa stelingi ulishafungwa zamani na kaka mtu ameshageuza uso. Nani alijali mdomo? Kinyozi wa jirani, mtu mzima mwenye wajukuu, alilia hapo kila mara, na alikuwa akija na leso maalumu.

Binti ndiye peke yake aliyejali mdomo. Alikuwa mtunza stoo katika kambi ya wageni wajenzi wa barabara, na wageni hao walizungumza lugha ile ile ya sinema. Miaka sita ya kuwapa nyaya, glavu na mifuko ya saruji ilimfunza. Ukikosea tarakimu kwa lugha ya mtu anayesubiri saruji, utajifunza tu. Jumapili moja, miaka miwili nyuma, alikuwa akipiga pasi nyumbani huku baba amelala, akaiweka sinema ile bila tafsiri. Ilipofika pale pa magoti, alisahau pasi juu ya sketi yake ya kazini. Sketi iliungua. Baba alipoamka na kuuliza harufu ni ya nini, alisema ni umeme.

Hakumwambia. Utamwambiaje baba yako kwamba kitu kilichomlisha, kilichokusomesha wewe, si hivyo kilivyo? Alikaa na siri hiyo kama mtu anayetembea na kijiwe kwenye kiatu.

Kisha ukaja uvimbe. Ukaja na hukumu yake: kisanduku chote cha sauti kiondolewe, mzee apumulie tundu shingoni, aishi, lakini asiseme tena. Daktari alipomaliza kueleza, Kipaza alinyoosha mgongo akasema, "Daktari, sauti hii si mali yangu. Ni amana ya watu. Niliwaahidi nitawasemea mpaka mwisho. Unaweza kunivunja mimi, lakini ahadi ya watu utaivunjaje?" Daktari kijana aliinamisha kichwa kwa heshima. Heshima ya nini, jamani? Binti, aliyekaa pembeni, alihisi nywele zikimsimama. Aliijua sauti ile. Ilikuwa ya stelingi, ile ya kutoka tumboni.

Tangu siku hiyo alijaribu kila mlango. Alimleta shangazi, dada mkubwa wa baba, aliyemkaripia mdogo wake mtu mzima kama anayemkaripia mtoto aliyekojoa kitandani. Binti mwenyewe alinuna siku tatu. Alipiga magoti. Ilikuwa kumpigia mbuzi gitaa. Baba alimpapasa kichwa na kusema, "Stelingi hafi, mama." Alimwita mama kwa kuwa binti alirithi jina la bibi, mama wa mzee. Na usiku alimsikia nyuma ya pazia akivuta pumzi kama mtu anayeburuta gunia kwenye kokoto, na asubuhi alikuta damu kwenye leso zilizofichwa chini ya mto.

Sasa alipenya kati ya mabenchi, fomu imekunjwa kwenye mkoba, akajibana kando ya kiti kirefu.

"Baba, twende."

"Niko kazini," alinong'ona, akifunika maikrofoni. Alipoifunua alisema kwa sauti ya jambazi, "Leteni mapipa yote!" Sauti ilikwama katikati, akakohoa, watu wakacheka wakidhani jambazi ndiye anayekohoa.

"Saa kumi na moja kitanda kinaondoka."

"Kiende. Kuna mtu anakihitaji."

"Wewe ndiye unayekihitaji! Baba, nitabaki na nani?"

 Mzee aliivuta shali juu zaidi kufunika uvimbe, macho kwenye kioo. Binti aliliona hilo. Alimsihi kati ya maneno na maneno mpaka saa ya ukutani ikaonyesha tisa na nusu. Alitaka kupiga kelele mbele ya watu wale wote waliotulia wakila karanga. Alimchukia stelingi. Alimchukia kinyozi, aliyekwisha kutoa leso yake. Maji yalikuwa yamemfika shingoni, na mtu wa namna hiyo hashiki adabu, anashika chochote.

Kwenye kioo, kaka mtu alimshika stelingi kola. Kipaza alivuta pumzi ile ndefu ya kiapo. Binti akanyoosha mkono kwenye mikisa, mtambo wa kurekebishia sauti uliokuwa kando ya kiti, akashusha kitufe cha maikrofoni mpaka chini, na cha sinema akakipandisha mpaka juu.

Sauti ya stelingi ikatoka kwenye spika. Ilikuwa nyembamba, ya kijana, wala haikutoka tumboni. Maneno yalikuwa machache, yakaisha.

Mabenchini vichwa viligeuka. Kipaza alikuwa bado amefungua mdomo.

"Unajua anasema nini?" binti alimwambia sikioni. "Anasema, kaka, naogopa. Nisaidie."

"Mwongo."

"Miaka sita nimefanya kazi nao, baba. Neno hilo wanalisema wakipanda nguzo za juu."

"Na mama yake? Kiapo?"

"Hakuna mama. Hakuna kiapo. Anaogopa tu."

"Tangu lini unajua?"

"Miaka miwili."

"Ukaniacha nikisema?"

"Niliona haya, baba. Nisamehe. Lakini na wewe hujamwapia mtu yeyote. Wewe unaogopa."

Mabenchi yalianza kunguruma. "Sauti! Kipaza, sauti!" Fundi viatu mmoja alipiga mluzi. Mwenye banda alichungulia mlangoni kuona kama umeme umekatika.

Mzee alimwangalia binti yake kwa jicho ambalo hajawahi kumwangalia nalo. Binti alidhani atapigwa. Mzee akasema, "Rudisha nyuma."

Akarudisha. Kola, magoti, maneno machache, kimya. Kipaza alikuwa amesogeza uso mbele, akiutazama mdomo ule kama hajawahi kuuona, na kweli hakuwahi. Alikuwa akitazama kila kitu isipokuwa mdomo.

"Rudisha tena."

Mara ya tatu mzee alipandisha kitufe cha maikrofoni mwenyewe. Alisema bila kuikuza sauti, kwa koo lile lile bovu alilokuwa nalo: "Kaka, naogopa. Nisaidie." Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa maneno na mdomo vilianza pamoja na kuisha pamoja.

Watu wakaangua kicheko. "Stelingi gani mwoga!" alipaza sauti fundi viatu. Kinyozi alisimama na leso yake mkononi, amekasirika kama mtu aliyeibiwa. "Kipaza, acha mzaha! Sema ile ya mama!"

"Ya mama niliitunga," spika zikasema. "Zote nilizitunga, ndugu zangu. Sijui lugha yao. Huyu anaogopa, na mimi naogopa. Wanataka kunikata koo kesho asubuhi waitoe sauti yote, na nimewaambia sitaki kwa ajili yenu. Si kwa ajili yenu. Naogopa kisu. Naogopa kuamka niko bubu, mwanangu ananiita na siwezi hata kusema labeka." Hapo akakohoa, na kikohozi kile kwenye spika kubwa hakikumchekesha mtu tena.

Mwenye banda aliwasha taa. Kipaza akaonekana alivyo, mzee mwembamba mwenye shali siku ya joto, machozi yamejaa kwenye mikunjo ya uso. Binti alitoa fomu. Hakuwa na kalamu! Alipekua mkoba wote, funguo, chanuo, karatasi za stoo. Mtunza stoo mzima hana kalamu. Alianza kulia papo hapo kwa hasira.

"Kalamu!" kinyozi alifoka. "Hamsikii? Nani ana kalamu?" Zikaja nne. Mzee akasaini juu ya mikisa.

"Na sinema je?" mtu mmoja aliuliza kutoka benchi la mbele. Alizomewa mpaka akaomba radhi.

Walisafiri kwa gari la mwenye banda, lile la kubebea kreti za soda, watatu kwenye kiti cha mbele. Foleni ilikuwa ndefu. Saa kumi na robo. Saa kumi na dakika ishirini na tano. Binti alikuwa akiitazama taa nyekundu kama anayeweza kuisukuma kwa macho. Baba yake alimgusa kiwiko.

"Pale mwisho wa sinema," alisema, "stelingi ameshawashinda, kaka yake amekufa, amempakata. Pale anasemaje? Maana pale huwa nasema sana."

"Hasemi kitu, baba."

"Dakika yote ile?"

"Hasemi kitu. Amekaa naye tu."

Mzee alitazama mbele. "Yaani nimewapigia watu kelele msibani," alisema, na akacheka kicheko kisicho na sauti, mabega tu.

Walifika saa kumi na dakika arobaini na nane. Shuka la kitanda kile lilikuwa limeshakunjuliwa kwa ajili ya mtu mwingine, na muuguzi akalitandika upya kwa ajili ya mzee.

Asubuhi, saa moja, walimweka kwenye kitanda cha magurudumu. Binti alikuwa amejiandaa. Alitaka kurekodi kwa simu, sauti ya baba, hata sentensi moja ya kukaa nayo. Alijua mtu wa maneno kama yule hawezi kuondoka bila neno kubwa. Pengine alikesha akilitunga. Alitembea kando ya kitanda kwenye korido, simu mkononi, lakini vidole vilikuwa baridi na kioo kilikataa kufunguka. Aliibonyeza, akaibonyeza. Mlango wa chumba cha upasuaji ulikuwa hatua tano mbele, kisha tatu.

Baba alimpa ishara asogee. Binti aliinama mpaka shavu likamgusa.

"Umekula?" aliuliza.

Hakuwa ametia kitu mdomoni tangu jana asubuhi.

"Nimekula, baba."

Aliridhika, akafumba macho, wakamwingiza. Alitoka saa nane mchana akiwa hai, na yuko hai mpaka leo. Lakini neno la mwisho lililotoka kwenye koo lile lilikuwa hilo, na binti yake alilijibu kwa uongo.