Nani Kapiga Pembe?

Mimi ni mwoga. Nalisema mapema ili mtu asije akanisifu bure.

Jumapili ile saa kumi jioni nilikuwa chumbani kwangu Nyamwaga na mchezo wangu wa Kijapani wa kwenye simu, ambao nadhani Tanzania nzima tunaucheza mimi na mtu mmoja wa Iringa. Naupenda kwa vita vyake. Humo hupigani mwenyewe. Unapiga pembe, vijiji vinaleta watu, na kila anayekuja ana jina, ana mama, ana hadithi aliyoiacha nusu nyumbani. Ila aliyeutunga ana roho ngumu: wakifika wasione adui, wanamgeukia aliyewaita. Sharti hilo nilikuwa nalisifia mpaka darasani.

Nikabonyeza pembe.

Kumbe simu, kwa kiherehere chake, ilikuwa bado imeungana na spika ya kwaya. Spika yenyewe iko dirishani, imeelekea nje, sauti mwisho, kama tulivyoiacha baada ya mazoezi. Pembe ililia hadi mabati yakatetemeka.

Mimi ni wa Bukoba, lakini miaka miwili hapa imenitosha kujua: pembe ikilia ghafla, ng'ombe wameibwa. Mama Rhobi, mwenye nyumba wangu, alitupa ungo wa mahindi akapiga yowe. Yowe likajibiwa ng'ambo ya migomba. Mara wanaume wakawa wanapita mbio dirishani na mapanga na mishale, na hakuna aliyeuliza kitu.

Niliingia chini ya kitanda. Ndiyo, mwalimu mzima. Nikajiambia watatafuta, watachoka, watarudi makwao.

"Huyu hapa! Ana kamba ya ng'ombe!"

Nikatambaa hadi dirishani, nikachungulia. Wamemkalisha chini dereva wa bodaboda aliyekuwa amesimama barabarani kufunga magunia yake.

"Wewe mura, kijana, sema ukweli! Unatoka wapi?"

"Issenye. Naitwa Nashoni. Nimeleta mzigo tu, jamani."

"Issenye mpaka huku, na kamba!"

Hilo mchezo wangu haukulijua, kwamba watu wakikosa adui hujitafutia. Kisha nikatoka, sijui kwa miguu ya nani.

"Shikamoo, baba," nilimwambia Mzee Simioni, mume wa Mama Rhobi. "Pembe nimepiga mimi."

"Marahaba. Wewe, mwalimu? Pembe yako iko wapi?"

Nikaonyesha simu. Mmoja akacheka. Mwingine akasema namwonea mwizi huruma, akainua panga.

Nikabonyeza tena.

Wote waligeukia dirisha langu. Pembe ilipokwisha, nikaona mikono inaachia shati la Nashoni, mmoja mmoja. Nashoni akalia. Nami nikalia, bila aibu.

Ndipo pembe ikajibu kutoka upande wa Kemambo. Pembe ya kweli. Ikafuata ya pili, karibu zaidi.

Mzee Simioni alitazama kilima. "Hao hawana habari za simu yako," alisema. "Na hawajakimbia mbali hivyo ili waje kuchekeshwa. Simama hapa mbele, mwalimu. Uliyewaita ni wewe, utakayewasimulia ni wewe."

Nikasimama mbele. Vumbi lilikuwa linashuka kilimani kwa kasi. Nashoni alikuja akajibanza nyuma yangu, anahema.

"Nashoni," nikamwambia, "tupa hiyo kamba."