Sentensi Aliyoitunga Rudaina

Rudaina alikuwa mfamasia hapa Irbid, kaskazini mwa Jordan, mtaa wa chuo kikuu, na kila alasiri alikwenda shule ya lugha kujifunza Kiingereza kwa sababu alikuwa akisaka kazi nje ya nchi. Masomo aliyapenda. Aliyemshinda ni mwalimu.

Ustadhi Wajdi alijua kufundisha, hilo halikuwa na ubishi. Ila ukimkuta nje ya darasa, alikuwa kama hajawahi kukuona. Siku moja Rudaina alimwona kwenye duka la falafeli, zile bajia za dengu, akampungia mkono kwa tabasamu. Mwalimu akamtazama usoni waziwazi, kisha akageuka kuchukua mkate wake. Rudaina akabaki na mkono hewani, watu wanamwangalia.

"Anajiona huyu," alimwambia Mama Qutaiba, mama wa makamo aliyekuwa akikaa naye darasani.

"Wasomi ndivyo walivyo, binti yangu. Na hii amri yake ya kila mtu akae kiti kilekile, tumekuwa wanajeshi?"

Jumatatu moja ya mvua mwalimu aliandika maneno matatu ubaoni. La kwanza *notice*, kuona jambo ambalo mwenzako amelipita tu. La pili *recognise*, kumtambua mtu au kitu unachokijua tangu zamani. La tatu *assume*, kukata shauri kichwani mwako kabla hujauliza.

"Hili la tatu lichezeeni," alisema. "Tungeni sentensi. Iwe ya kweli."

Mama Qutaiba alitunga ya mkwewe, watu wakacheka. Ilipofika zamu ya Rudaina, ulimi ulimponyoka. Akasema kwa Kiingereza safi, neno moja baada ya jingine, kwamba tangu wiki ya kwanza amechukulia kuwa mwalimu wao anawadharau.

Kicheko kilikatika. Ustadhi Wajdi alisimama na chaki mkononi, masikio yamemwiva.

"Sarufi haina kosa," alisema hatimaye. Akakusanya vitabu vyake akatoka, muda ukiwa bado.

"Umemmaliza, wewe!" Mama Qutaiba alinong'ona.

Rudaina alishuka ngazi na furaha ndogo ya kisasi, lakini hata mlango wa chini hajaufikia, akasikia mtoto akipiga mayowe barabarani.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na chekechea, na wazazi walikuwa wamejazana getini na miavuli yao. Katikati yao alikuwa Ustadhi Wajdi, ameshika mkono wa msichana mdogo mwenye koti la njano, anamvuta kuelekea kwenye gari. Mtoto alikuwa amekaza miguu chini.

"Wewe si baba yangu! Mama! Mama!"

"Acha utani, Tala, tunalowa."

Mwanamke mmoja akatupa mwavuli. "Mwanangu! Anamwiba mwanangu! Jamani, mkamateni!"

Wanaume walimfikia kabla hajaelewa. Mmoja alimkaba shingo, mwingine akamzaba kibao, miwani ikaruka. Simu zilikuwa zimeshainuliwa zinapiga picha. Rudaina alivuka mbio bila kutazama magari.

"Nilidhani ni binti yangu," mwalimu alikuwa akisema, mdomo unatoka damu. "Koti... wallahi, nililiona koti."

"Binti yako humjui? Umelewa?"

Hapo mwalimu wa chekechea akatoka mbio, amemshika mkono mtoto mwingine aliyevaa koti jekundu. "Mwacheni! Wamebadilishana makoti wakicheza! Baba Tala, Tala ni huyu!"

Mtoto alisimama mbele ya baba yake, hatua moja tu. Na baba akamtazama, kama mtu anavyomtazama mtoto wa mpangaji mpya. Akamwangalia macho, pua, nywele. Hakusogea.

Yule aliyemkaba shingo akamwachia.

"Baba," mtoto akasema. "Ni mimi."

Kwa sauti hiyo Ustadhi Wajdi alipiga magoti kwenye maji, akamkumbatia, akalia mbele za watu.

Umati ulitawanyika kwa kunung'unika. Rudaina aliokota miwani, akampelekea. "Ustadhi, ni mimi, Rudaina."

"Rudaina," alisema, akiitikia ile sauti. "Wa kiti cha dirishani."

"Hunijui sura?"

"Sijui sura ya mtu yeyote. Tangu ile ajali ya gari nikiwa kijana. Macho nayaona, pua naiona, lakini haviungani kuwa mtu. Hata kwenye kioo, najua ni mimi kwa sababu bafuni sina mwenzangu." Akapangusa mdomo. "Lile koti la njano mama yake Tala alilinunua kwa ajili yangu, ili nimjue."

Rudaina aliipangusa miwani matope, akamwekea mkononi.

Jioni ile video ilizunguka mji mzima, na maneno juu yake: mwizi wa watoto. Rudaina hakuvumilia. Akawaandikia wanafunzi wenzake wote, akawaeleza maradhi ya mwalimu mwanzo mpaka mwisho, akiamini anamwokoa.

Kesho yake Ustadhi Wajdi alimpigia simu. Sauti yake ilikuwa baridi.

"Nani alikuomba?"

"Nilidhani..."

"Ulidhani tena! Siri yangu ya miaka yote, hata mwenye shule alikuwa haijui. Umenivua nguo, dada yangu."

Alikata simu. Rudaina alikaa chini nyuma ya kaunta, katikati ya maboksi ya dawa, na mteja akawa anagonga kioo bila kujibiwa.

Mwalimu hakufukuzwa kazi. Alikwenda mwenyewe kwa mwenye shule, akasema yote kabla hajaitwa. Wanafunzi wawili walihama hata hivyo, na mama wa yule msichana wa koti la njano hadi leo akimwona huvuka barabara. Darasani, Rudaina alisimama mbele ya wote akaomba radhi, kwa Kiarabu, asije akajificha nyuma ya lugha ya watu. Mwalimu aliitikia kwa kichwa tu. Zilipita wiki nyingi kabla hajamtania tena.

Kilichomshangaza Rudaina zaidi kilimpata kwenye duka lake la dawa. Alijaribu kufumba macho mteja alipoingia, amtambue kwa sauti. Mteja alikuwa mzee ambaye Rudaina alikuwa akimuuzia dawa ya presha miaka yote.

"Salaam aleikum, binti yangu."

Hakumjua. Akafumbua macho, akaitambua sura ile, ila jina hakuwahi kumuuliza, na uso ukamwaka moto kama aliyefumaniwa.

"Vipi, unaumwa?" mzee akauliza.

"Hapana, baba," alisema. "Niambie jina lako."