Kiboksi Ambacho Suzana Hakukitia Tiki

Suzana alikuwa hataki kusikia habari ya kufuta. Ukimwambia kivinjari cha kompyuta yake kinaumwa, atakubali. Ukimwambia dawa ni kukiondoa chote mpaka mizizi na kuweka kipya, hapo anageuka kiziwi. Na si kwamba hajui. Mama huyu ana steshenari yake mtaa wa Mshangano, hapo Songea, amewachapia watu barua na kuwajazia fomu kwa miaka tisa, na kompyuta ile anaijua kuliko anavyojua jiko lake.

Kikwazo kilikuwa Polikarp, mumewe, aliyefariki mwaka jana kwa ugonjwa wa figo.

Polikarp enzi za uhai wake alikuwa na tabia moja ya kuudhi: kummalizia mkewe maneno. Suzana akianza, "Leo nataka ku...," Polikarp anadakia, "Kulala mapema." Akianza, "Jirani yetu ame...," Polikarp keshasema, "Amenunua ng'ombe mwingine." Nusu ya ndoa yao waligombana kwa hilo. "Hebu niache nimalize mwenyewe, we mwanaume!" Kisha mwanaume akafa, hawakuwa wamejaliwa mtoto, na Suzana akawa anamaliza sentensi zake bila mtu wa kumkatiza. Wiki mbili baada ya maziko akafungua steshenari, akakaa kwenye kompyuta, akaandika herufi m kwenye kivinjari. Kikadakia: mbegu za parachichi Songea. Yalikuwa maneno ya Polikarp, aliyoyatafuta yeye mwenyewe akiwa hai, nayo mashine ilikuwa bado inayakumbuka. Suzana akaandika n. Nauli ya Songea hadi Mbamba Bay. Akaweka mikono usoni, akalia mpaka mteja aliyekuwa mlangoni akaondoka bila kutoa kopi.

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo sala yake ya asubuhi. Herufi moja, mbili, anadakiwa, anafungua kazi. Aliwahi kuyanakili yote kwenye daftari, asije akayapoteza, lakini kwenye daftari yalikuwa maneno tu, hayamkatizi mtu. Wala hayakuwa yamehifadhiwa mahali pengine popote. Polikarp alikataa kabisa kukiunganisha kivinjari na akaunti yoyote, akisema mambo yake hayaendi kulala Ulaya.

Sasa ule ugonjwa wa kivinjari nao ulitoka wapi? Aliuingiza Polikarp huyohuyo, maskini. Madaktari walipomwambia habari ya kusafishwa damu, akaanza kutafuta dawa mtandaoni kama mtu anayetafuta mlango gizani. Ukurasa ukimwambia ruhusu, anaruhusu. Ukimwambia sakinisha, anasakinisha. Dawa hakuipata, ila kivinjari kikabaki na wageni wasiojulikana, vijiprogramu vya matapeli. Unaita tovuti ya chuo, unaletewa nyingine inayofanana nayo kama pacha, na nyuma yake wamekaa wezi.

Mwezi wa nne Suzana alijikaza, akakiondoa. Katikati ya kazi mashine ikamuuliza: Futa pia data zote za kivinjari? Pembeni kulikuwa na kiboksi kidogo cha kutia tiki. Alikitazama kiboksi kile muda mrefu. Hakukigusa. Akaondoa programu peke yake, akaiweka upya, akaandika m, na mbegu za parachichi hizo hapo! Alicheka na kulia kwa pamoja. Asubuhi yake wageni nao walikuwa wamesharudi, kwa sababu walikuwa wanaishi kwenye folda ileile aliyoiacha. Hakumwambia mtu. Akasema moyoni kwamba atakuwa anakagua anwani ya kila ukurasa kwa macho yake, yatosha.

Haikutosha. Akaja Asma, binti wa Tunduru anayekaa kwa shangazi yake hapo Mshangano, kuomba chuo cha uuguzi. Siku hiyo foleni ilifika barazani, na Suzana hakukagua chochote. Asma akajaza majina, namba ya mtihani, namba ya simu, na zile tarakimu za siri zilizoingia kwenye simu. Wezi wakabeba vyote. Akaunti yake ya maombi ikafungwa na watu asiowajua, na awamu ya kwanza ikampita. Alipokuja kuuliza, Suzana alimjibu kama wanavyojibu wenye steshenari wote wa nchi hii wakibanwa: "Mtandao, mwanangu. Mtandao siku zile ulikuwa mbovu."

Ijumaa moja saa nne asubuhi Asma akarudi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umefikia wapi?"

"Alhamdulillahi, chuo wamenikubalia nianze upya. Ila dirisha linafungwa leo saa kumi jioni, na safari hii ndiyo ya mwisho." Akaweka bahasha ya vyeti mezani. "Shangazi alisema niende steshenari nyingine. Nikamwambia hapana, yule mama alinihangaikia sana, mtandao hauna mwenyewe."

Jamani! Afadhali angemtukana. Aibu ilimpanda Suzana mpaka masikioni. Angeweza kumwelekeza kwa jirani, na yakaisha. Lakini kesho angekaa mwingine kwenye kiti kilekile, na keshokutwa mwingine, na yeye angekuwa bado anasingizia mtandao. Akamwambia Asma arudi saa nane. Akafunga mlango nusu, akapiga simu Peramiho kwa wifi yake, Walburga.

Hapa lazima usikie jambo. Siku ya kumaliza msiba wa Polikarp, arobaini yake, nguo zake zilitandikwa juu ya mkeka, na Walburga, kama dada wa marehemu, ndiye aliyezigawa. Kabla ya kufunga aliuliza mbele ya ukoo mara tatu kama ilivyo desturi yao: "Kuna cha kaka kilichobaki?" Mara zote tatu Suzana alijibu hakuna. Na kitu cha marehemu kilichofichwa siku hiyo, mjane hakiondoi peke yake. Anamwita dada mtu, anakiri.

Walburga alifika saa saba, kitenge kimefungwa vizuri, uso umekaza. Akasikiliza yote akiwa amesimama.

"Nilikuuliza mara tatu, Suzana."

"Uliniuliza, wifi."

"Ukaniangalia machoni ukasema hakuna. Na sasa mtoto wa watu ameibiwa kwa sababu wewe unataka kuongea na marehemu!" Akavuta kiti. "Futa. Mimi dada yake nimeruhusu. Futa nione."

Suzana akafungua orodha ya programu. Mshale ukasogea kwenye neno ondoa. Ndipo Walburga akaulegeza uso wake kidogo.

"Ngoja. Kwanza nionyeshe anavyodakia."

Suzana akaandika m, akaandika n. Walburga alizisoma zile mbegu na ile nauli, akatabasamu bila kutaka. Kisha akasema, "Andika dada."

"Wifi, muda unakwenda."

"Andika dada, nimesema."

Suzana alilijua jibu. Alikuwa analijua tangu mwaka jana, na ndiyo sababu nyingine ya kujibu hakuna mbele ya ule mkeka. Akaandika d, akaandika a, na kivinjari hakikungoja zaidi: dada akimtolea kaka figo anapata madhara gani.

Walburga alisoma polepole, midomo ikicheza. Akasoma tena. Nje pikipiki ilipita, ikaishia zake.

"Hakuniomba," akasema.

"Hakukuomba."

"Mimi nilikuwa naogopa asije akaniomba. Kila simu yake ikiita moyo unaniruka, nasema leo ndiyo leo. Wakati mwingine sikupokea, Suzana. Kaka yangu wa tumbo moja, sikupokea." Machozi yakamshuka, hakuyafuta. "Kumbe yeye alikuwa anaulizia mimi nitadhurika vipi."

Suzana alimshika bega. Akaanza neno, likamkatikia njiani, na Polikarp hakuwapo wa kulimalizia.

Ukutani saa ilionyesha saa nane kasoro dakika kumi. Suzana akakishika tena kipanya. Walburga akamdaka mkono.

"Usifute leo."

"Wifi!"

"Iache mpaka kesho tu. Nimeiona leo hii, nami niishi nayo hata usiku mmoja. Mtoto aende kwa jirani. Kwani steshenari ziko moja?"

Yule aliyekuja kuamuru ndiye sasa anayeomba. Na Suzana alimwelewa, tena alimwelewa mno, kwa sababu maneno hayo ya mpaka kesho alikuwa ameshayasema mwenyewe miezi na miezi. Alimtazama wifi yake, akaona anachotaka kukifanya ni ukatili, na akaona pia kwamba hakuna siku itakayokuja isiyo na ukatili huo.

"Kesho hatutaweza," akasema. "Mimi najua. Nimeshajaribu kesho nyingi."

Akautoa mkono wa Walburga taratibu, akabonyeza ondoa. Swali likaja, na kiboksi chake. Akatia tiki. Hakuishia hapo. Akaingia kwenye folda zilizofichwa, akaitafuta ile yenye mabaki, akaifuta, akamwaga na kapu la takataka, akazima mashine na kuiwasha. Kisha akachomeka flashi yenye programu mpya aliyoiazima kwa jirani, akaisakinisha. Walburga alikuwa ameinamisha kichwa anasali rozari kimyakimya. Kivinjari kikafunguka cheupe, hakimjui mtu yeyote duniani.

Asma alirudi saa nane na robo, akawakuta wanawake wawili wenye macho mekundu. Akasita mlangoni.

"Pole, mama. Kuna msiba?"

"Ingia, kaa." Suzana alibaki amesimama. "Asma, haukuwa mtandao. Ni hii mashine yangu, ilikuwa na wezi ndani, na mimi nilijua. Nilijua kabla hujakaa kwenye hicho kiti. Nilikuwa na kitu cha mume wangu humo, nikakipenda kuliko wewe."

Binti aliketi. Akamwangalia Suzana, akamwangalia Walburga, akaiangalia bahasha yake. Mkono ukaenda kwenye bahasha kama mtu anayetaka kuichukua na kuondoka. Kisha akaifungua, akatoa cheti cha kuzaliwa, akakiweka mezani.

"Tuanze na jina, mama," akasema. "Hilo la kukusamehe nitakuja siku nyingine."